Introni au cDNA tupu? Ulinganisho kwa anayejenga jeni ya kuingiza kwenye seli za mamalia

Kila mtu anayekaa kubuni plasmidi yake ya kwanza (duara dogo la DNA la kubebea jeni) anafika hapa: nina cDNA ya jeni yangu (nakala ya DNA iliyotengenezwa kutoka mRNA), safi, introni zote (vipande vya jeni vinavyokatwa kwenye RNA) zimeshatoka, sasa niiweke hivyo hivyo mbele ya promota (swichi ya kuwasha jeni) au nitafute introni niipachike? Wengi wanaiweka hivyo hivyo na ukiwauliza sababu wanakupa jibu linaloeleweka kabisa, introni si inakatwa na kutupwa, ya nini kubeba mzigo ambao seli yenyewe itautupa. Alafu wiki kadhaa baadae wanaangalia bendi ya protini hafifu kama kivuli na wanaanza kulaumu kingamwili, kulaumu seli, kulaumu kemikali ya kuingizia DNA, kila kitu isipokuwa ule uamuzi wa mwanzo.

Nilipo mimi naweka wazi mapema ili usome ukijua. Kwa plasmidi ya kawaida ya kuingiza kwenye seli za maabara, weka introni moja fupi kati ya promota na ATG (herufi ambapo protini inaanza kusomwa), karibu kila mara inakulipa na ikishindwa kukulipa haikugharimu kitu kikubwa. Ila chombo kikibadilika, yaani ukienda kwenye AAV au lentivirusi (virusi vinavyotumika kubeba jeni), panya wa kupandikizwa jeni au mRNA iliyotengenezwa kwenye chupa, jibu linabadilika na sehemu nyingine linageuka kabisa, na hapo ndo watu wanapotea kwa sababu wanachukua ushauri wa chombo kimoja wanaupeleka kwenye kingine.

Introni inaacha alama hata ikishaondoka

Introni ziligunduliwa 1977, kundi la Phillip Sharp na la Richard Roberts kila moja kwa upande wake, wote wakichunguza adenovirusi, na jina lenyewe Walter Gilbert ndo alilitoa 1978. Mwaka 1979 tu waliokuwa wanafanya kazi na virusi vya SV40 wakakuta kitu ambacho hakikutegemewa: jeni ya virusi ikiondolewa introni zake, promota ipo, mwisho wa jeni upo, lakini RNA ya kudumu haipatikani. Kwahiyo tangu mwanzo kabisa ilionekana kwamba kile kitendo cha kukata na kuunganisha, splaisingi, kinafanya kazi zaidi ya kusafisha ujumbe.

Sasa inafanyaje? Cha kwanza kuelewa ni kwamba splaisingi haisubiri unakili uishe, kwa sehemu kubwa inaendelea RNA ikiwa bado inachomoza kwenye RNA polimerasi II, vitu viwili vinagusana muda wote. U1, sehemu ya mitambo ya splaisingi ambayo ndo inakamata mwanzo wa introni, inashikamana pia na TFIIH, na TFIIH ni sehemu ya mitambo ya kuwasha promota, hivyo mwanzo wa introni ukiwa karibu na promota unasaidia mitambo hiyo kukusanyika na kuanza raundi nyingine. U1 hiyo hiyo inalinda RNA isikatwe njiani, maana ndani ya jeni ndefu zimetapakaa ishara za poliA (alama za kumaliza RNA) za uongo, na ukiidhoofisha U1 RNA zinakatwa mapema kabla jeni haijaisha. Upande wa mwisho, splaisingi ya introni ya mwisho inasaidia ile ishara ya poliA ya kweli itambulike vizuri.

Alafu kuna kile kinachobaki. Introni ikishakatwa, seli inaacha mzigo wa protini unaoitwa EJC juu ya mRNA, kama herufi (nyukleotidi) 20 hadi 24 kabla ya kila kiungo cha eksoni na eksoni (vile vipande vinavyobaki), na pamoja na TREX (protini za kusafirisha mRNA), ambayo pia splaisingi inasaidia kuileta kwenye mRNA, ujumbe unakuwa umegongwa muhuri kwamba umeshashughulikiwa, uruhusiwe kutoka kwenye kiini. Huko nje kwenye ribosomu mRNA yenye muhuri huo mara nyingi inatoa protini nyingi zaidi kwa kila nakala kuliko ile ya cDNA tupu, hata kama herufi zao zinafanana kila kitu. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwamba molekuli mbili zenye mfuatano uleule zinapokelewa tofauti kwa sababu tu ya historia yao.

Ukizidisha vifaida hivi, kidogo kwenye unakili, kidogo kwenye poliA, kidogo kwenye kutoka kiini, kidogo kwenye ribosomu, unaelewa kwanini namba zinazotajwa zinatofautiana sana. Betaglobini ya sungura ilionyesha utegemezi wa hadi kama mara 400 kwenye majaribio yaliyochapishwa 1988, wakati jeni nyingine nyingi kwenye seli za maabara zinapanda mara mbili, mara tano, mara kumi hivi. Na zipo ambazo hazijali kabisa: kinasi ya thaimidini ya virusi vya hepesi haina introni na inaenda vizuri tu, na kwetu sisi mamalia histoni nyingi, interferoni alfa na HSP70 zinaishi bila introni kwa sababu zina njia zao nyingine za kutoka kiini na kukaa salama. Kwahiyo akija mtu kukuambia introni inaongeza mara kadhaa, muulize jeni gani, seli gani, promota gani.

cDNA tupu dhidi ya introni fupi

Hapa ndo watu wengi wako, nianze hapa na nikae.

cDNA tupu ina uzuri wake na siudharau. Ni fupi, ni rahisi kuijenga, hakuna mashaka kwamba splaisingi itaenda kombo kwa sababu haitegemei splaisingi yoyote (angalau ndo unavyodhani, nitarudi). Ikiwa umeboresha kodoni (kubadilisha herufi za DNA bila kubadilisha protini) na jeni yako imekuwa na G na C nyingi hasa upande wa mwanzo, pengo kati ya yenye introni na isiyo nayo linapungua, maana mRNA zenye GC nyingi mwanzoni zinatoka kiini vizuri zaidi hata bila splaisingi. Kinyume chake jeni zenye A na T nyingi, kama nyingi za virusi zilivyo kiasili, ndo zinanufaika zaidi kupewa introni. Kwahiyo kabla hujaamua fungua mfuatano wako uangalie GC ya herufi mia mbili tatu za kwanza, ni dakika mbili tu.

Introni fupi ni zile za herufi mia na kidogo zilizotengenezwa kwa kazi hii. Inayopatikana sana ni ile ya kuunganishwa iliyopo kwenye plasmidi ya pCI ya Promega, mwanzo wake umetoka kwenye introni ya kwanza ya betaglobini ya binadamu na mwisho wake umetoka kwenye introni ya jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili, zimechaguliwa hivyo kwa sababu kila upande unatambulika kirahisi na mitambo ya splaisingi. Kuna ya SV40 ile ya RNA za 16S na 19S, karibu herufi mia tu, na kuna ya parvovirusi ndogo ya panya, MVM, nayo ndogo hivyo hivyo. Kwa gharama ya herufi hizo chache unapata sehemu kubwa ya faida, na kwa mtazamo wangu ukiwa huna sababu maalum ya kuchagua kitu kingine basi chagua moja ya hizi usiumize kichwa.

Ila kuna ndogo moja ya kuogopa na bado iko kwenye plasmidi za zamani zinazozunguka maabara kwa maabara. Ni introni ya antijeni t ndogo ya SV40, herufi 66. Vekta nyingi za zamani ziliiweka baada ya jeni, upande wa poliA, na mwaka 1990 ikaonyeshwa wazi kwamba inaleta splaisingi potofu: mwisho wa introni ile unaungana na mianzo ya introni iliyojificha ndani ya jeni yako mwenyewe, kipande cha protini kinakatwa na kutupwa. Ukikuta ramani ya plasmidi uliyorithi inaonyesha hii mbele ya poliA ya SV40, tafadhali badilisha plasmidi kabla hujapoteza muda.

Na hapa narudi kwenye yale mashaka. cDNA tupu nayo haiko salama moja kwa moja, seli ikikuta kitu kinachofanana na mwanzo wa introni na mbele yake kitu kinachofanana na mwisho itajaribu kukata, haijui kwamba wewe ulikusudia iwe cDNA. Kuboresha kodoni kunaweza kutengeneza GT mpya mahali pabaya bila wewe kujua. Pitisha mfuatano kwenye programu ya kutabiri splaisingi kabla ya kuagiza usanisi, iwe umeweka introni au hujaweka.

Kuna faida moja ya introni ambayo watu wanaisahau. Ukiwa unapima mRNA kwa RT-PCR (kugeuza RNA kuwa DNA na kuizidisha) kwenye seli zilizojaa plasmidi, DNA ya plasmidi inakuchafulia kipimo, lakini ukiweka praima moja kila upande wa introni, bidhaa ya mRNA inakuwa fupi na ya plasmidi ndefu, unaziona tofauti hapohapo. Na kama protini yako ni sumu kwa E. coli, au ni kama Cre (kimeng'enya cha kukata na kuunganisha DNA) ambayo hutaki ifanye kazi ndani ya bakteria wakati unakuza plasmidi, introni inapachikwa katikati ya sehemu inayosomwa, bakteria hawana splaisosomu (mitambo ya splaisingi) kwahiyo hawapati protini kamili, seli ya mamalia inaikata na kupata protini sahihi.

Introni ndefu zinazokuja na promota

Hapa huchagui introni peke yake, unachagua familia nzima. Promota ya EF1 alfa kamili ni kama herufi 1,200 na sehemu kubwa ya hizo, kama 940, ni introni yake ya kwanza. CAG ni mchanganyiko wa enhansa (kipande cha DNA kinachoongeza nguvu ya promota) ya CMV (saitomegalovirusi), promota ya beta aktini ya kuku na mwisho wa introni ya betaglobini ya sungura, jumla inakaribia herufi 1,700. CMV nayo ina introni yake, introni A, kama herufi 800 na zaidi kidogo, ambayo plasmidi nyingi za kawaida zimeiacha nje na kubaki na promota peke yake.

Ukilinganisha, EF1 alfa yenye introni na toleo lake fupi lisilo na introni, EFS la herufi mia mbili na kitu, ni kama watu wawili tofauti ingawa jina la ukoo ni moja, nguvu inashuka waziwazi kwenye aina nyingi za seli. CMV tupu inawaka sana siku za mwanzo lakini kwenye seli za kudumu mara nyingi inafungwa na metilesheni (alama za kemikali kwenye DNA) baada ya wiki, EF1 alfa na CAG zinavumilia zaidi, kwahiyo kama unatengeneza laini ya seli ya kudumu au unafanya kazi na seli shina ningekwambia bila kusita chukua hizi ndefu. Kama unataka protini nyingi kwa siku mbili tatu kwenye HEK293 (seli za binadamu za maabara) basi CMV na introni fupi inatosha kabisa.

Introni ndefu pia zinaweza kubeba vitu vingine ndani yake. Enhansa ya kwanza ya seli kujulikana vizuri, mwaka 1983, ilikutwa ndani ya introni ya jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili. MikroRNA nyingi zinakaa ndani ya introni, na watu wanatumia ujanja huohuo kuweka RNA ya kunyamazisha jeni ndani ya introni ya konstrakti (DNA unayoijenga). Sasa hii ni faida au hatari kutegemea unajua unachobeba ama hujui.

Jeni nzima au minijeni

Hii ndo inayofanana zaidi na asili na ndo ngumu zaidi. Jeni ya wastani ya binadamu ina introni kama nane, na urefu wake mwingi ni introni, eksoni zenyewe ni vipande vya herufi 150 hivi. Distrofini ndo mfano uliokithiri, jeni ni herufi zaidi ya milioni 2.2, sehemu inayosomwa ni kama 11,000 tu, na kunakili jeni nzima mara moja kunachukua kama saa 16. Huwezi kuibeba hiyo kwenye vekta ya kawaida.

Wakati mwingine huo urefu wenyewe ndo kazi yake. Kwenye panya, jeni ya Hes7 inazimika na kuwaka kwa mdundo wakati pingili za mgongo zinapangwa, na 2011 ilionyeshwa kwamba ukiondoa introni zake zote protini inatoka kama dakika 19 mapema, mdundo unakufa na pingili zinaungana vibaya. Protini ni ileile, kilichoharibika ni muda. Mtu anayechunguza saa za namna hii au splaisingi mbadala hawezi kutumia cDNA na akasema amejibu swali.

Kwa wengine wote kuna njia ya kati, minijeni: cDNA inayobakiza introni moja au mbili za jeni yenyewe, mara nyingi zimefupishwa. Faktori IX ya kugandisha damu ilifanyiwa hivi, introni yake ya kwanza ndefu ikakatwa katikati ikabaki fupi na bado ikaongeza uzalishaji. Betaglobini nayo, introni yake ya pili inahitajika ili mwisho wa RNA utengenezwe vizuri, kwahiyo huwezi kuitupa ukategemea kiwango cha juu. Kama maandiko yanaonyesha jeni yako inategemea introni fulani ya kwake, iheshimu hiyo introni, ya kuazima haitabeba kila kitu.

Chombo kinaamua zaidi ya unavyofikiri

Panya wa kupandikizwa jeni: hapa siwezi kukushauri cDNA tupu. Mwaka 1988 zilipimwa jozi nne za konstrakti, zinazofanana kila kitu isipokuwa introni, na zenye introni zilitoa mRNA mara 10 hadi 100 zaidi kwa wastani ndani ya panya. Kinachonigusa ni kwamba jozi ya metalothionini iliyojaribiwa pia kwenye seli za maabara haikuonyesha tofauti kubwa. Yaani ungepima kwenye sahani ungehitimisha kwamba introni haina maana, ungetengeneza panya, ungesubiri miezi, na ungepata jeni iliyolala. Kwahiyo matokeo ya seli za sahani usiyatumie kuondoa introni kwenye konstrakti ya mnyama.

AAV: nafasi ni kama herufi 4,700 pamoja na ncha zake mbili, na ile ya nyuzi mbili zinazojikunja ni nusu ya hapo. Faktori VIII hata ikiondolewa kipande cha B bado inakula karibu herufi 4,400, hapo introni hata ya herufi mia inapigania nafasi na promota. Jeni ikiwa ndogo weka ya SV40 au MVM, jeni ikiwa kubwa iache na uwekeze kwenye kodoni na GC.

Lentivirusi: hapa ndo kuna mtego. Jenomu ya virusi yenyewe ni RNA inayonakiliwa ndani ya kiini cha seli ya kuzalishia, na ukiweka introni kwenye mwelekeo uleule wa jenomu seli inaweza kuikata kabla haijafungwa ndani ya virusi, unapeleka konstrakti ambayo kumbe introni yake ilishapotea njiani. Rev (protini ya virusi) na RRE (kipande cha RNA inachokishika) zinasaidia kutoa RNA isiyokatwa lakini usitegemee asilimia mia. Dawa ni kugeuza kaseti nzima ielekee kinyume, promota, jeni, introni na poliA, na ndivyo ilivyofanywa kwenye vekta za betaglobini za kutibu thalasemia, ile tiba iliyoidhinishwa Ulaya 2019 na Marekani 2022, maana pale introni ya pili ilikuwa lazima ifike salama. Gharama yake ni kwamba kiasi cha virusi unachovuna kinashuka. Kama huna ulazima wa introni tumia promota isiyo nayo na uongeze WPRE baada ya jeni, kile kipande kutoka virusi vya homa ya ini vya mnyama aitwaye woodchuck, kinaongeza uzalishaji bila kutegemea splaisingi.

mRNA iliyotengenezwa kwenye chupa: introni hapana, usiweke. Inaingia moja kwa moja kwenye saitoplazimu, haipiti kiini, hakuna wa kuikata, ukiiacha humo ribosomu itasoma takataka. Vaksinia pia hivyo hivyo, inanakili nje ya kiini.

Mahali pa kuiweka

Kabla ya ATG, karibu na promota, eksoni ya kwanza iwe fupi na isiwe na ATG nyingine ndani yake. Watu wanasahau hilo la ATG, wanachukua introni na vipande vya eksoni vya pembeni vinavyokuja nayo, kumbe humo kuna ATG inayoiba ribosomu.

Baada ya kodoni ya kusimama usiweke, kwa kweli hili nalisisitiza. Seli ikikuta kiungo cha eksoni zaidi ya herufi 50 hadi 55 baada ya kodoni ya kusimama inadhani kodoni hiyo imekuja mapema kimakosa, na EJC ileile iliyokuwa inakusaidia inageuka kuwa ishara ya kuharibu mRNA. Ukilazimika, kiungo kiwe ndani ya umbali huo.

Katikati ya sehemu inayosomwa inawezekana, kama kwenye Cre, lakini chagua mahali ambapo herufi za pembeni zinafanana na eksoni halisi, AG upande wa kushoto na G upande wa kulia inasaidia. Mwanzo wa introni uwe GTAAGT au GTGAGT, mkondo wa C na T uwe mzuri kabla ya AG ya mwisho, na usishuke chini ya herufi 65 au 70 hivi maana splaisosomu ya mamalia inahitaji nafasi ya kukaa.

Ukishajenga, tengeneza pacha wake usio na introni, promota ileile, poliA ileile, na uziingize siku moja kwenye seli za chungu kimoja pamoja na lusiferasi (protini inayotoa mwanga) ya kusawazishia. Pima mRNA ya jumla, pima ya saitoplazimu peke yake, pima protini. Alafu endesha RT-PCR ya urefu wote wa mRNA, kuanzia eksoni ya kwanza hadi karibu na poliA, na usome mfuatano wa kila bendi unayoiona, hata ile ndogo iliyo chini kabisa ya jeli, kwa sababu mara nyingi ile ndo inakuonyesha mlango uliojificha ambao programu haikuutaja.